Solanum ruvu na kichaka kilicho nyuma ya shamba la mjomba

Swali

“Shikamoo Dokta. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, naishi bonde la Mto Ruvu. Nimesoma kwamba kuna kichaka cha jamii ya ndulele kinachoitwa *Solanum ruvu*, kwamba kilipatikana msitu wa Ruvu, na kwamba huenda kimeshatoweka. Inakuwaje mmea utoweke hata kabla haujapewa jina? Nauliza kwa sababu nyuma ya shamba la mjomba wangu, kando ya kijito, kuna kichaka chenye miiba, maua ya zambarau na matunda yanayoiva njano. Wazee wanasema ni ndulele tu, ila mimi naona majani yake ni mapana na ya kijani kuliko ya ndulele za barabarani. Je, yawezekana ndicho? Nikiking’oe nikuletee? Halafu watoto wanachezea yale matunda na wengine wanayaonja. Ni sumu?”

Jibu

Marahaba, mwalimu. Naanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine hayana haraka.

Yahesabu kuwa ni sumu. Matunda ya ndulele na ya ndugu zake wengi wenye miiba yana alkaloidi chungu, hasa solasonini na solamajini, ambazo ni za ukoo mmoja na ile solanini inayokifanya kiazi mviringo kilichogeuka kijani kiwe hatari. Kwa kawaida tunda bichi ndilo lenye alkaloidi nyingi zaidi, lakini rangi ya njano isikudanganye ukadhani limekuwa salama. Anayekula huanza kwa kichefuchefu, hutapika, tumbo humsokota na huharisha. Akila mengi huweza kulegea na kusinzia. Mtoto aliyeonja akatema kwa ule uchungu, msukutue mdomo, mpe maji, kaa naye umwangalie. Aliyemeza mpeleke kituo cha afya, na uende na tunda lenyewe likiwa kwenye kitawi chake ili mganga aone alichokula. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, wala usipoteze muda kutafuta maziwa ya “kukata sumu”.

Najua wazee watakwambia wao wamekua na ndulele: mzizi hutafunwa tumbo likiuma, maji ya tunda hupakwa kwenye jino bovu au penye mba. Kupaka na kula ni mambo mawili tofauti. Huko Transkei, Afrika Kusini, maji ya tunda hili yalikuwa yakitumika kugandisha maziwa, na mwaka 1969 watafiti waliripoti katika jarida la *Nature* kwamba walikuta humo dimethilinitrosamini, kemikali inayoleta saratani kwa wanyama wa maabara. Waliitafuta kwa sababu saratani ya koo la chakula ilikuwa imewaelemea watu wa eneo lile. Ripoti moja haifungi mjadala wa saratani ile, lakini inanitosha kumwambia mtu asilitie tunda hili kwenye chakula.

Sasa tuje kwenye *Solanum ruvu*.

Ulichosoma ni kweli. Spishi hii ilipata jina lake la kisayansi mwaka 2010. Aliyelitoa ni Maria Vorontsova, mtaalamu aliyekuwa akizichambua Solanum zote zenye miiba za Afrika. Makala ya kuitangaza aliiandika pamoja na Frank Mbago wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatoka katika jarida la historia ya viumbe la Afrika Mashariki linalochapishwa Nairobi. Kichwa cha makala yenyewe kilitahadharisha kwamba spishi mpya inaweza kuwa imeshatoweka, na *Solanum ruvu* ikatolewa kama mfano. Maelezo yote yalitokana na sampuli iliyochumwa mara moja tu, mwaka 2000. Msitu ilikochumwa, wa aina ile ya misitu ya nyanda za chini ya mashariki mwa Tanzania, ulikuwa umefyekwa ndani ya miaka hiyo kumi.

Unauliza inakuwaje. Watu hudhani mtaalamu huingia msituni, huona mmea, hushtuka, hupiga kelele “mpya!” na kesho yake jina liko gazetini. Haiendi hivyo. Anayechuma mara nyingi ni mtu wa kuhesabu miti ya msitu mzima, na siku moja anaweza kukata vitawi vya mimea mingi. Kila kimoja hubanwa katikati ya magazeti, hukaushwa, hugundishwa kwenye karatasi ngumu na kuandikwa lebo. Kisha huingia hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na huwekwa kwenye jalada la jenasi yake, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu. Asiyejua spishi huandika “Solanum sp.” na kupita. Hapo kitawi hukaa kabatini kikimsubiri mtu anayeijua jenasi hiyo kuliko wengine wote, na watu wa namna hiyo duniani ni wachache mno. Mwaka 2010 huohuo, utafiti uliochapishwa na Chuo cha Sayansi cha Marekani ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya za mimea hupewa jina ndani ya miaka mitano tangu zichumwe. Watafiti hao walikadiria kwamba spishi kama 70,000 za mimea yenye maua bado hazina majina, na kwamba zaidi ya nusu yake zimeshachumwa na zimelala kwenye makabati. Kwa kipimo hicho, miaka kumi ya kichaka cha Ruvu si uzembe wa ajabu. Ndiyo kasi yetu ya kawaida, wakati msumeno una kasi yake.

Na Solanum si jenasi ya mchezo. Ina spishi zaidi ya 1,200: nyanya imo, kiazi mviringo kimo, biringanya, nyanya chungu na mnavu pia. Zile zenye miiba zinazoota kiasili Afrika na Madagaska ni zaidi ya 70. Kwa miaka mingi zilikuwa kichaa cha majina. Ndulele peke yake ilikuwa imepewa majina kadhaa na wataalamu waliokuwa wakishika vipande tofauti: mwenye kitawi chenye miiba mingi alitoa lake, aliyepata kisicho na mwiba hata mmoja akatoa lake, kumbe ni mmea uleule. Vitabu vyetu vya shule viliiita *Solanum incanum*. Leo tunajua kwamba jina hilo ni la mmea wa maeneo makavu, kuanzia kaskazini mwa Kenya na ukanda wa Saheli hadi Arabuni na Asia ya Kusini, na kwamba ndulele nyingi za Tanzania ni *Solanum campylacanthum*. Vorontsova na Sandra Knapp wa Makumbusho ya Historia ya Viumbe, London, ndio waliokaa na sampuli hizi moja baada ya nyingine mpaka uzi ukafumuka. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyokifanya kitawi kimoja cha Ruvu kikatae kuingia kwenye jalada lolote lililokuwapo. Bila kuwajua ndugu zake wote, hakuna ambaye angeweza kuapa kwamba huyu ni mgeni.

Kuhusu msitu wenyewe sina haja ya kukueleza mengi. Unaishi huko, na malori ya mkaa yanayokwenda Dar es Salaam unayaona kwa macho yako. Niongeze jambo moja ambalo pengine huonekana zaidi kutoka kabatini kuliko kutoka barabarani. Misitu ya nyanda za chini ya pwani na ya chini ya Uluguru ilibaki kuwa vipande vidogo kwa muda mrefu, na baadhi ya vipande vina mimea ambayo haipatikani kwingine kokote. Ukifyeka hekta chache za miombo, karibu kila kilichokuwamo kinaota pia wilaya ya jirani. Ukifyeka hekta hizohizo Ruvu, Kimboza au Pugu, unaweza kumaliza spishi nzima kwa msimu mmoja wa kilimo, na aliyeshika panga asijue.

Hata hivyo zingatia lile neno “huenda”. Mti aina ya mwamba-ngoma wa kusini, *Erythrina schliebenii*, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka, kisha ukapatikana tena katika misitu ya Kilwa. *Karomia gigas* ulichumwa pwani ya Kenya mwaka 1977, mti huo ukakatwa, na watu wakakata tamaa mpaka michache ilipoonekana kusini mwa Tanzania. Kichaka ni rahisi zaidi kukipita bila kukiona kuliko mti, na kichaka chenye miiba watu hukizunguka. Kwa hiyo swali lako kuhusu kichaka cha kwa mjomba ni swali halali kabisa.

Ila nisikupe matumaini ya bure. Kwa maelezo uliyonipa, nadhani ni ndulele. Majani kuwa mapana na ya kijani si hoja yenye nguvu: ndulele iliyoota kando ya maji, kwenye kivuli na udongo mzuri, hutoa majani makubwa laini yenye vinyweleo vichache, wakati nduguye wa barabarani, anayepigwa jua na kuliwa na mbuzi, hubaki mfupi mwenye majani madogo ya kijivu. Nimewahi kuona wanafunzi wa chuo wakibishana mchana kutwa juu ya vitawi viwili vya namna hiyo, kumbe vimekatwa hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Kinachonifanya niegemee ndulele zaidi ni pale ulipokikuta: nyuma ya shamba. Ndulele hupenda ardhi iliyovurugwa na watu na mifugo, na kivuli cha msitu uliofunga huikimbia. *Solanum ruvu* ilitoka msituni.

Hapa niruhusu nitoke kidogo nje ya swali. Ndugu hawa wawili wana bahati zilizopishana. Mmoja hajaonekana tena tangu msitu wake uondoke; mwingine kila msitu ukiondoka ndio anafungua matawi. Huko Mpala, Laikipia nchini Kenya, watafiti walizungushia uzio vipande vya mbuga kwa namna ya kuchagua mnyama gani apite: hapa tembo hawaingii, pale tembo na swala hawaingii, kwingine hata digidigi hapiti. Baada ya karibu miaka mitano, ndulele zilikuwa chache zaidi pale ambapo wanyama wote waliruhusiwa, na kila mnyama alipoondolewa ziliongezeka. Tembo na swala walizila lakini pia walisambaza mbegu zake. Digidigi ndiye aliyezidhibiti kwa uthabiti zaidi kuliko wote. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Mfugaji anayeona malisho yake yamegeuka shamba la ndulele huwa analaumu mmea, wakati sehemu ya jibu ni yule mnyama mdogo aliyekuwa akiuguguna na sasa hayupo.

Turudi kwa mjomba. Ungetamani nikupe orodha ya dalili za *Solanum ruvu* ukazitie tiki. Sitakupa, na sababu ni hii: maelezo yaliyotokana na mchumo mmoja yanakueleza mchumo huo ulivyokuwa, hayakuelezi spishi hutofautianaje. Umeshaona ndulele ilivyo: kijani huku, kijivu kule, yenye miiba na isiyo na miiba. Anayetambua kwa orodha ataikataa iliyo sahihi kwa sababu jani limezidi sentimita mbili, au ataikubali isiyo yenyewe kwa sababu ua ni zambarau. Utambuzi wa mmea adimu kama huu hufanywa kwa kuweka kitawi chako kando ya sampuli kielelezo, yaani ile iliyotumiwa kuipa spishi jina lake, na kuvilinganisha kipengele kwa kipengele. Wewe unachoweza kufanya vizuri kuliko mimi niliye mbali ni kuutazama mmea ukiwa hai.

Anza na miiba. Ibonyeze kwa kidole gumba kutoka ubavuni. Mwiba wa Solanum huota kwenye ngozi ya mmea, kwa hiyo hubanduka na kuacha kovu dogo, tofauti na mwiba wa mgunga ambao una mti ndani yake. Tazama kama umenyooka au umepinda, kama kitako chake kimetanuka, na kama umeota kwenye shina tu au hadi juu ya mishipa ya jani na kwenye kikombe cha ua. (Biringanya la dukani halina miiba kwa sababu mkulima wa zamani aliichagua iishe. Mwaka 2024 wanasayansi walionyesha kwamba mimea mingi tofauti imepoteza miiba yake kwa kuharibika kwa jeni za familia moja. Babu zetu waliokuwa wakichagua mbegu kwa vidole walikuwa wakigusa jeni bila kujua.)

Kisha geuza jani. Ukiwa na lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, utaona vinyweleo vyake si nywele za kawaida bali ni nyota: kila kimoja kina mikono midogo iliyotanuka kutoka kwenye kitovu, na pengine mkono mmoja umesimama katikati. Hesabu mikono ya nyota chache. Angalia kama nyota zimekaa bapa juu ya ngozi ya jani au zimeinuliwa na kikonyo. Zimesongamana mpaka jani limekuwa jeupe chini, au zimetawanyika ngozi ya kijani ikaonekana? Wataalamu wa Solanum hushinda siku nzima kwenye nyota hizi. Kama huna lenzi, simu nyingi zikiwekewa tone la maji juu ya kioo cha kamera huona vizuri ajabu, ila futa tone kabla halijaingia pasipo pake.

Ua ulitazame asubuhi. Petali tano zimeungana chini, na katikati pamesimama chavulio tano (vifuko vya kiume vyenye chavua, ule unga wa ua) za njano, ndefu, zilizokusanyika. Chavulio hizo hazipasuki ubavuni. Zina tundu dogo kwenye ncha, na chavua haitoki mpaka zitikiswe. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Anayeiweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, pamoja na jamaa zake wengine wa porini: hulikumbatia ua, huvuma kwa sauti ya juu kuliko anaporuka, na chavua humwagika tumboni pake. Kaa dakika chache kando ya kichaka kabla jua halijakolea, utausikia mvumo ukibadilika. Angalia pia mpangilio wa maua kwenye kikonyo. Katika Solanum nyingi zenye miiba, ua la chini kabisa ndilo lenye mlingoti mrefu wa kike unaochungulia nje ya chavulio, na ndilo huzaa. Yaliyo juu yake yana mlingoti mfupi, ni ya kiume tu, huanguka. Andika maua ni mangapi kwenye kila kikonyo na mangapi yamezaa.

Tunda nalo: ukubwa wake, limetua peke yake au kwa kishada, bichi lina michirizi ya kijani na nyeupe au ni rangi moja, kikombe kimelifunika au kimebaki kwenye kikonyo, kina miiba au hakina. Rangi ndiyo ya kuandika papo hapo, kwa sababu tunda likikauka hugeuka kahawia na hakuna mtaalamu awezaye kuirudisha.

Kwa kufanya hivyo utawaondoa washukiwa wengi wewe mwenyewe. Matunda madogo mekundu kama pilipili mbuzi ndogo, yaliyojaa kwa vishada? Huenda ni *Solanum anguivi*, babu wa porini wa nyanya chungu. Kichaka kinachoparamia mingine kwa miiba iliyopinda, na matunda madogo mekundu, maeneo ya pwani? Mfikirie *Solanum zanzibarense*. Maua meupe kwa vishada vikubwa, mmea mrefu kuliko mtu? Yaelekea ni *Solanum torvum*, mgeni kutoka Amerika. Majani kama mahameli, hakuna mwiba hata mmoja, matunda ya njano kwa kishada kilichosimama? Huyo ni *Solanum mauritianum*, mgeni mwingine, na huyo ndiye ningefurahi ukimng’oa.

Kichaka cha mjomba usiking’oe. Kama ni ndulele, umepata majeraha ya bure. Kama si ndulele, umemaliza pengine mmea wa mwisho ili kuthibitisha kwamba upo. Kata kitawi. Shamba ni la mjomba, ruhusa yake inatosha; ila ukivuka kuingia msitu wa hifadhi, hata kwa jani moja, unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na usiingie bila hicho kwa jina langu wala la sayansi.

Kitawi kizuri kina urefu usiozidi wa ukurasa wa gazeti lililokunjwa, kina majani machanga na makuu, maua, na angalau tunda moja. Chukua majani ya chini pia, maana mara nyingi hayafanani na ya karibu na maua. Kitandaze ndani ya gazeti, jani moja likigeuzwa mgongo juu ili zile nyota zionekane. Tunda nene likate katikati, nusu moja ibanwe na nyingine ikaushwe pembeni kwenye bahasha. Shina lenye miiba litalitoboa gazeti na kuliinua, majani yasibanike. Weka vipande vya boksi juu na chini, halafu ubao, halafu mawe. Badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo, ukilegea kuvu itakushinda, hasa wakati wa masika. Usikaushe juani moja kwa moja wala juu ya moto wa jikoni; majani yataungua na kuwa meusi.

Lebo ndiyo inayokitofautisha kitawi na takataka. Andika tarehe, kijiji na wilaya, namba za eneo kutoka kwenye simu, mwinuko kama simu inautoa, aina ya mahali (ukingo wa kijito, kivuli au jua, nini kimeota jirani), kimo cha kichaka, rangi ya ua na ya tunda bichi na bivu, jina wanalolitumia wazee hapo, jina lako, na namba ya sampuli. Namba yako ya kwanza ni 1, usione haya. Andika pia vichaka vya aina hiyo ni vingapi ulivyoviona. Kama ni kimoja tu, sema kimoja. Katika kumbukumbu za mimea adimu, taarifa hiyo hutafutwa sana na mara nyingi haipo.

Pa kupeleka: hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo ya karibu nawe, na ndiko nyumbani kwa mmoja wa walioandika makala ya *Solanum ruvu*. Arusha kuna Hebaria ya Taifa, Nairobi kuna Hebaria ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Picha nitumie mimi leo, za ua kwa mbele na kwa ubavu, jani pande zote mbili, mwiba kwa karibu, tunda, na kichaka kizima mjomba akiwa amesimama kando yake ili nipate kipimo. Kwa picha naweza kukwambia “hii ni ndulele” kwa uhakika. Kukwambia “hii ni *Solanum ruvu*” kwa picha siwezi, na yeyote atakayekwambia hivyo kwa kutazama simu mwombe namba ya sampuli aliyolinganisha nayo.

Usiache kutuma eti kwa sababu nimesema yaelekea ni ndulele. Sampuli ya ndulele yenye lebo kamili kutoka kando ya kijito chako bado ina kazi. Wanaozalisha biringanya huko Valencia, Uhispania, wamekuwa wakiivusha na *Solanum incanum*, yule binamu wa maeneo makavu, wakitafuta uvumilivu wa ukame, na ili kujua binamu yupi anaota wapi wanategemea lebo za namna hiyo. Kata vitawi viwili kutoka kichaka kilekile, uvipe namba moja, kimoja kiende Dar es Salaam na cha pili Arusha au Nairobi. Mchwa na paa linalovuja wameshakula sampuli nyingi zilizokuwa nakala pekee.